Siku Niliyopimwa kwa Mizani ya Pamba

Ni Ramazani amewaambia, bila shaka, maana yule mzee hata meno yakimwisha ulimi hautamwisha. Haya, ni kweli, ni mimi. Mimi Musafiri, munayeniona hapa na mvi zangu na wajukuu zangu, ndiye niliyekimbia katikati ya Kabambare nimevaa koti la mpira na miwani ya pikipiki, ninalia kama mutoto kwamba wananikula, na mpaka leo nikipita njia ile hakosekani mutu wa kukoroma kama nguruwe halafu akageuka kujifanya anatazama kuku. Aibu ile nimezeeka nayo. Lakini mukitaka kunicheka, kwanza munisikilize mpaka mwisho, kwa sababu ninyi mumezaliwa juzi na hamujui woga tuliokuwa nao sisi.

Wakati ule wa Wabelgiji nilikuwa kantonye, mutu wa barabara: jembe, koleo, kukata nyasi, kujaza mashimo, kesho yake kujaza yaleyale. Kipande chetu kilitoka Kasongo kuelekea Kabambare, pale udongo mwekundu unapoanza kupanda vilima. Na kiangazi wazungu walikuwa na mchezo wao wa kushindana kwa pikipiki: kwanza Kasongo mpaka Nyangwe, kiisha Kasongo mpaka Wamaza, na mwisho, ile kubwa, Kasongo mpaka Kabambare, na aliyewapita wenzake kwa jumla anapewa kikombe na anaitwa bingwa mpaka kiangazi kingine. Wao walipata kikombe, sisi tulipata mashimo. Ndiyo maana tuliwajua vizuri namna hii, maana mutu akikuharibia kazi yako kila mwaka unajua mpaka namna anavyopumua.

Waliokuwa na tumaini la kikombe mwaka ule ni watatu. Majina yao ya kwao hatukuyajua, tuliwapa yetu. Bwana Pamba alikuwa muzungu wa mambo ya kilimo, yule wa kuwalazimisha watu kulima pamba, na pikipiki aliendesha vilevile kama alivyopima mashamba: katikati ya njia, mgongo umenyooka, anapunguza mwendo mbele ya kona na kutoka nayo polepole, hakosei, na wala hafurahi. Padri yeye alifunga kanzu kiunoni kwa kamba, akasimama juu ya vikanyagio, kona hakuipunguzia hata kidogo, aliingia nayo kama mutu anayejua Mbingu imeshamwandalia nafasi, na kwenye mchanga hakuna aliyeweza kumfuata. Wa tatu alikuwa Bwana Moshi, muzungu wa kampuni ya dhahabu, mutu wa nguvu, mwekundu kama mawese, pikipiki yake iko na kile kigari cha pembeni, upande wa kulia, tulichokiita kitoto, maana pikipiki ilikibeba ubavuni kama mama. Huyo alikuwa na namna moja tu: moto wote, toka mwanzo mpaka mwisho, na moshi nyuma.

Padri alishinda ile ya Nyangwe. Bwana Pamba alishinda ile ya Wamaza. Bwana Moshi alikuwa wa pili mara zote mbili, na hasira yake ilisikika mpaka Salamabila. Kwa hiyo yeyote kati yao angetangulia Kabambare, kikombe ni chake, na sisi kantonye hatukuwa na habari nyingine, tunajaza mashimo na kubishana.

Sasa angalieni mimi nilivyojitafutia. Tulikuwa tumepumzika kando ya njia, Ramazani anasema Moshi atashinda kwa sababu pikipiki yake ndiyo yenye nguvu. Ningenyamaza tu. Ningekula muhogo wangu nikanyamaza. Lakini mimi wakati ule nikiona watu wamekaa wananitazama, mwili unawasha (ugonjwa huo umenitoka, mutaona ulivyonitoka). Nikasimama, nikapachika mpini wa jembe katikati ya miguu, nikawafanyia Bwana Pamba, mgongo wima, uso wa kuhesabu. Wakacheka. Nikawafanyia Padri, nimekunja shati kiunoni, nimesimama kwa vidole, ninajifanyia ishara ya msalaba kwenye kona. Wakaanguka chini kwa kicheko. Basi nikapata kiburi, nikawaambia, tazameni sasa Moshi, kona ya kushoto hana shida, lakini kona ya kulia kitoto chake kinainuka juu hivi (nikainua mguu wa kulia, nikarukaruka kwa mguu mmoja kama kuku anayefukuzwa), mutu mukubwa vile anashindwa na kigari kitupu, huyu atachukua kikombe cha kunywea dawa!

Hakuna aliyecheka.

Nikawatazama, wote wameinama, Ramazani anachimba mahali ambapo hapakuwa na shimo. Nikageuka na mguu wangu bado uko juu. Bwana Moshi alikuwa nyuma yangu anasukuma pikipiki iliyozimika, jasho linamtiririka, na Kiswahili alikisikia vizuri kuliko hata sisi.

Hakunipiga. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, maana muzungu akikupiga mambo yamekwisha. Alinizunguka. Alinitazama mabega, tumbo, mapaja (nilikuwa na mwili wakati ule, musione hivi), akanishika mkono hapa juu akauminya, kama mama zenu wanavyominya kuku sokoni.

"Weye. Jina yako nani?"

"Musafiri, Bwana."

"Uko na kilo ngapi?"

Nikasema sijui, Bwana. Akatikisa kichwa, akasukuma pikipiki yake akaenda zake. Na mimi sikumuuliza kitu. Nani angemuuliza? Wakati ule swali lilikuwa na njia moja tu, lilitoka kwa muzungu likaja kwako, kurudi halikurudi.

Kesho yake polisi akaja kunichukua barabarani. Akanipeleka kwenye depo ya pamba, siku ya kupima, watu wamejaa na vikapu vyao, na Bwana Moshi amesimama karibu na mizani ile kubwa. Akanionyesha kwa kidole: panda. Nikapanda, pale pale panapowekwa magunia, watu wote wananitazama. Akasogeza chuma, akasoma, akanguruma. "Kidogo," akasema. "Weye kula. Kula mingi." Akampa polisi mfuko wa mchele na makopo ya nyama, akasema ni yangu mimi, kila siku nile mpaka siku ya pikipiki, na siku hiyo niletwe asubuhi. Kiisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mutu mwingine asikule. Weye peke yako."

Ninyi watoto hamujui watumbula. Sisi tulijua. Tulijua ni watu wanaotumwa kukamata wenzao, na muzungu anamfungia mutu aliyekamatwa, anamlisha vyakula vitamu, mutu anasahau jina lake, anaota manyoya, anatembea kwa mikono, anakuwa nguruwe, na siku kuu ya wazungu ikifika anawekwa mezani. Na nyama ya makopo, kila mutu aliuliza, ng'ombe wake wako wapi? Umewahi kuona mifupa yake? Usiniambie ni ujinga. Babu zetu waliwaona watu wakichukuliwa wakiwa na minyororo hapa hapa Kasongo na Nyangwe, wengine hawakurudi, na hakuna aliyekuja kutueleza walikwenda kufanywa nini. Jioni jua likianza kushuka, kila nyumba ilifunga mlango.

Ramazani ndiye aliyeniwekea mambo yote sawa, maana yeye alikuwa fundi wa habari hizo. Alikaa mbele yangu macho yamemtoka. Amekuminya? Amekuminya. Amekupima? Amenipima. Amekupa chakula? Nikamwonyesha makopo. Akasogea nyuma, yeye na kigoda chake.

"Ndugu yangu," akasema, "mjomba wangu walianza naye vile vile. Mungu akusaidie."

Mama yangu alilia mpaka sauti ikakauka. "Mwanangu, kinachopimwa ni kile kitakacholiwa ao kitakachouzwa. Usikule kitu yake hata kidogo." Nikamwuliza, nikimbie? Akatikisa kichwa, kwa sababu alijua kama mimi kwamba nikikimbia atafungwa yeye, na mdogo wangu, na chifu atanitoa hata tumboni mwa mlima. Basi nikabaki. Mchele na makopo nikavizika nyuma ya nyumba usiku wa giza, na kwa woga hata sombe ya mama, majani yake ya muhogo, sikuweza kuila, nikakonda badala ya kunenepa. Nilikuwa ninajishika masikio kila asubuhi kuona kama yamebadilika. Cheka, cheka tu. Nilikuwa na miaka ya kuoa, na niliaga vitu vyote: jembe, mlango, mbuzi wa jirani.

Siku yenyewe ikafika. Uwanja wa Kasongo umejaa, bendera, wazungu na wake zao, na Bwana Moshi ameshika koti la mpira, refu, linanuka. Akanivalisha yeye mwenyewe. Akanivalisha miwani. Akaniketisha ndani ya kitoto, akanifunga kiunoni kwa mkanda wa ngozi, akauvuta mpaka nikatoa pumzi. Halafu akainama karibu na uso wangu. "Kona ya kulia, weye lala inje, huku. Kona ya kushoto, kuya kwangu. Umesikia?" Nilisikia. Nilielewa? Hapana. Mutu anayekwenda kuchinjwa hasikilizi maneno ya kona. Niliona tu mama yangu nyuma ya watu, amejifunika uso kwa kitambaa.

Wakapiga bastola hewani na roho yangu ikaondoka nayo.

Sitawaambia njia yote, maana sehemu nyingine niliipita nimefumba macho. Najua tulipita vijiji, watu wanapiga vigelegele, mimi ninapiga yowe, wao wanadhani ni furaha. Kona ya kwanza ya kulia Moshi akanishika kola akanisukuma inje, kichwa changu kikawa karibu na nyasi, na kitoto hakikuinuka. Ya pili vilevile. Kona ya kushoto akanivuta, nikamwangukia mgongoni. Baada ya hapo mwili ulikuwa unakwenda wenyewe bila mimi, na tukampita Bwana Pamba akiwa na mgongo wake wima, na kwenye vilima tukampita Padri, kanzu imefunguka inapepea kama bendera, na akatupungia mkono wa baraka, nami nikaona kwamba ni baraka ya mwisho. Mutu mwenye akili angekwisha kujua sababu ya kupandishwa pale. Moshi alisikia mzaha wangu wa kitoto kitupu akatafuta cha kukijaza, basi, hiyo tu. Lakini akili yangu niliizika pamoja na makopo.

Tukaona Kabambare. Watu wamejipanga pande mbili, utepe umefungwa njiani, sisi wa kwanza, hakuna vumbi mbele yetu, imebaki kona moja tu, ya kulia. Na hapo, nyuma ya utepe, nikaona meza ndefu zenye vitambaa vyeupe, wake za wazungu na sahani zao, na kando ya meza, juu ya makaa, nguruwe muzima amechomekwa kwenye chuma, anageuzwa polepole, mafuta yanadondoka. Na alikuwa na macho. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema moyoni, huyu ni mjomba wa Ramazani.

Mkanda niliufungua sijui vipi. Moshi akapiga kelele, "Kulia! Lala kulia!" mimi nikapanda kushoto, nikamkumbatia shingo kwa nyuma kwa mikono na miguu, nikimwomba kwa jina la mama yake, na kitoto kikainuka juu, kitupu, kama nilivyowachezea wenzangu kwa mguu wangu siku ile. Tukaacha njia. Tukapita katikati ya benchi za wakubwa (waliruka, Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia), tukaingia kwenye rundo la magunia ya pamba, tukazama. Mimi nilitoka wa kwanza, mweupe kila mahali, nikakimbia na miwani yangu na koti langu, "Watumbula! Kimbieni! Wananikula!" na watu walioniona ninatokea vile wakakimbia kweli, vikapu, watoto, wanawake, chifu akaacha kiatu kimoja. Nyuma yao Padri akapita kwenye utepe peke yake, bila hata mutu wa kumpigia makofi, na ndivyo alivyokuwa bingwa.

Polisi walinishika kabla sijafika kwenye nyumba ya kwanza. Wakanirudisha, wakanisimamisha mbele ya meza. Watu wakarudi kidogokidogo, wakafanya duara. Ramazani naye alikuwa mule, alikuja na kamio, lile lori lililoleta benchi. Kila nikipumua koti la mpira lilikuwa linalia kri kri kri, na kila mutu alilisikia.

Bwana Moshi akaja, pamba kwenye nywele, damu kidogo puani. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo lilinitisha upya. Akaniuliza, polepole, "Kwa nini?"

Hapo ningesema shetani alinipanda. Ningesema nyuki. Lakini woga ulikuwa umenimaliza, sikubaki hata na akili ya kutengenezea uongo. Nikasema, "Bwana, nilizani unataka kunikula."

Ndugu zangu! Neno hilo lilisemwa katika kila nyumba kutoka Kasongo mpaka Kabambare, lakini hakuna mutu aliyewahi kulisema mbele ya uso wa muzungu. Moshi akawa mwekundu, kiisha mweupe. Akawageukia watu. "Na ninyi? Ninyi wote munaamini vile?"

"Hapana, Bwana!" wakajibu kwa sauti moja. Na wakaanza kucheka. Walicheka kwa nguvu, walishikana mabega, chifu na kiatu chake kimoja alicheka, na aliyecheka kuliko wote, akijipiga mapaja, akinionyesha kidole, alikuwa Ramazani.

Moshi hakucheka. Alichukua kisu, akakata kipande cha nguruwe, akakileta mpaka mdomoni mwangu. "Basi kula. Mbele ya watu. Waone." Na kicheko kikakatika mara moja, kama mutu amefunga mlango. Sikuwa na njia. Nikafumba macho, machozi yanatoka, nikatafuna, nikameza. (Ilikuwa tamu. Mungu anisamehe, nilikuwa na njaa ya siku nyingi na ilikuwa tamu.) Nilipofumbua macho, watu wote wa Kabambare walikuwa wananitazama kitu kimoja tu: masikio.

Gereza hawakunitia. Moshi alisema niachwe, akaenda kukaa peke yake mbali na wenzake, kikombe hakukipata na hamu ya kula hakuwa nayo. Nami nikaambiwa nitarudi Kasongo kwa miguu, asubuhi, kwa hiyo nikatafuta nyumba ambayo Ramazani alipewa kulala. Jua lilikuwa bado liko juu ya miti, mwanga mzuri kabisa. Nyumba zote nilizopita zimeshafungwa. Wale wote waliosema hapana Bwana, nikawasikia wanaburuta magogo nyuma ya milango.

Nikagonga. "Ramazani, fungua, ni miye."

Sauti ndogo ikatoka ndani, "Miye nani?"

"Musafiri! Si ulinicheka sasa hivi?"

"Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Kitu yoyote. Nisikie kama iko sauti ya mutu."

Nikasimama pale nje, koti limenigandia mwilini, nikitafuta neno ambalo nguruwe hawezi kulisema, na nikashindwa kuliona. Mwisho nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, nikasema, "Bwana Pamba anapunguza mwendo mbele ya kona, anatoka nayo polepole. Padri hapunguzi kabisa, na kwenye mchanga hakamatwi. Moshi ni moto wote, lakini kona ya kulia, kitoto kikiwa kitupu..." na hapo sauti ikanikatika, nikaanza kulia.

Nikasikia gogo linasogezwa. Mlango ukafunguka kidogo, mkono wa Ramazani ukatoka gizani, na kabla ya kunivuta ndani ukanipapasa kwanza sikio la kulia, kiisha la kushoto.

Tangu siku ile mutu akiniuliza nani atashinda, ninamjibu, atakayetangulia. Na kule dispensari, dada wa dawa akiniambia mzee panda kwenye mizani, ninamwambia mwanangu, andika kilo unazotaka, miye sipandi.